Ubingwa Bila Mwenye Timu: Historia ya Houston Comets (1997–2008) Ikisomwa Kutoka Mwanza

Utangulizi

Mkazi wa Mwanza aliyefuatilia michezo katika miaka ya 1990 hahitaji kuelezwa namna timu bingwa inavyoweza kupotea. Klabu ya Pamba, maarufu kwa jina la TP Lindanda, ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990. Wakati huo zao lililoipa jina lilikuwa bado linauzwa kupitia ushirika na bodi ya umma, na timu ilikuwa na mlango wa kubisha hodi ilipohitaji nauli, jezi au posho. Soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994. Baada ya hapo Pamba iliyumba, ikashuka daraja, na ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20. Iliporejea katika msimu wa 2024/25 ilikuwa na jina jipya, Pamba Jiji, na mwenyeji mpya: Halmashauri ya Jiji la Mwanza.

Makala haya yanachunguza historia ya timu nyingine iliyopata ubingwa kisha ikakosa mwenyewe. Timu hiyo ni Houston Comets, timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya wanawake katika jiji la Houston, jimbo la Texas, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1997, ikatwaa mataji manne mfululizo, na ikavunjwa mwaka 2008. Imechaguliwa kwa kuwa kumbukumbu zake ziko wazi kuliko za timu nyingi za wanawake, na kwa kuwa inaruhusu swali moja kuulizwa bila kuchanganywa na mengine: je, ushindi unatosha kuifanya timu ya wanawake iishi? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hautoshi, na kwamba historia ya timu ya aina hii yafaa isomwe kwanza kama historia ya umiliki, kisha kama historia ya uwanjani.

Istilahi moja yahitaji kuwekwa sawa mapema. “Timu ya kulipwa” katika makala haya ni ile ambayo mchezaji hulipwa kwa mkataba kwa ajili ya kucheza. Mchezaji aliyeajiriwa na jeshi, bandari au benki na kuichezea timu ya mwajiri wake hupata mshahara, lakini mshahara huo una msingi tofauti, na tofauti hiyo itakuwa na uzito mkubwa kuelekea mwisho wa mjadala.

Mchezo mmoja, njia mbili

Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Massachusetts. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, aliuingiza kwa wanafunzi wake akiwa amebadili kanuni: uwanja uligawanywa katika sehemu tatu, na mchezaji hakuruhusiwa kutoka katika sehemu yake. Fikra ya wakati huo ilikuwa kwamba mwili wa mwanamke usichoshwe. Mchezo huo wa vyuo vya wasichana ulipofika Uingereza ulizaa netiboli, na ni netiboli iliyokuja Afrika Mashariki pamoja na walimu wa Kiingereza. Ndiyo maana katika shule za wasichana za kanda ya ziwa, kama ilivyo kwingine nchini, mpira wa pete umezoeleka kuliko wa kikapu, ingawa yote miwili ina asili moja.

Nchini Marekani njia ilikuwa nyingine. Sheria ya mwaka 1972 ilizuia ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na shule pamoja na vyuo vikalazimika kuwapa wasichana viwanja, makocha na ufadhili wa masomo. Matokeo yake yalikuwa kizazi cha wanawake waliofundwa vema katika mchezo, wasio na ligi ya kuchezea nyumbani walipohitimu. Cynthia Cooper, aliyecheza katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitumia zaidi ya miaka 10 akicheza kwa malipo Hispania na Italia. Kipaji kilikuwapo, mafunzo yalikuwapo, ila mwajiri hakuwapo. Hali hiyo ni muhimu kukumbukwa, kwa sababu mara nyingi upungufu wa timu za wanawake huelezwa kuwa upungufu wa vipaji.

Miaka minne ya mataji

Mwezi Aprili 1996 wamiliki wa timu za ligi ya wanaume ya NBA waliidhinisha kuundwa kwa ligi ya wanawake, WNBA. Ilianza Juni 1997 ikiwa na timu nane, zote zikiwa katika miji yenye timu ya wanaume. Ligi ilichezwa majira ya joto, wakati ambapo kumbi kubwa hazikuwa na mechi za wanaume. Katika miaka hiyo ya mwanzo timu zote zilikuwa mali ya pamoja ya NBA, huku kila moja ikiendeshwa na klabu ya wanaume ya mji wake. Comets iliendeshwa na mmiliki wa Houston Rockets, Leslie Alexander, na ilicheza katika ukumbi uleule wa The Summit.

Kocha wake alikuwa Van Chancellor. Nguzo zake zilikuwa tatu: Cooper, aliyerudi kutoka Ulaya akiwa na umri wa miaka 34, Sheryl Swoopes, mshindi wa medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na mchezaji wa kwanza kabisa kusaini mkataba na ligi hiyo, na Tina Thompson, chaguo la kwanza katika uteuzi wa wachezaji waliotoka vyuoni mwaka 1997. Swoopes alikosa mwanzo wa msimu huo kwa sababu alikuwa mjamzito. Alijifungua mwishoni mwa Juni na wiki sita baadaye alikuwa uwanjani. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ushujaa wake, na ndivyo lilivyokuwa. Mtafiti, hata hivyo, ana haki ya kuuliza pia ni mazingira gani ya kazi yanayomfanya mama aliyejifungua wiki sita zilizopita aone kwamba inampasa kurudi.

Fainali ya kwanza ilikuwa mchezo mmoja tu, tarehe 30 Agosti 1997, na Comets iliifunga New York Liberty kwa pointi 65 dhidi ya 51. Msimu wa 1998 ilishinda michezo 27 kati ya 30, uwiano ambao hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyoufikia tangu hapo, kisha ikaishinda Phoenix Mercury katika fainali. Mwaka 1999 na mwaka 2000 Liberty iliangukia tena mikononi mwake. Katika fainali zote nne Cooper ndiye aliyetangazwa mchezaji bora.

Taji la 1999 lilikuwa na uchungu wake. Kim Perrot, mlinzi mfupi wa kimo aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya timu, aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu mwezi Februari mwaka huo na akafariki tarehe 19 Agosti, akiwa na umri wa miaka 32, wiki chache tu kabla ya fainali. Wenzake walicheza wakiwa na namba yake, 10, mioyoni na midomoni. Tuzo ya ligi ya mchezaji mwenye nidhamu ya kiuanamichezo ina jina lake hadi leo, na bado inatolewa kila msimu ingawa timu aliyoichezea haipo.

Baada ya mwaka 2000 Cooper alistaafu, na taji la tano halikupatikana. Swoopes aliendelea kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi, akitwaa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 2000, 2002 na 2005. Timu ilikuwa nzuri bila kuwa bingwa, jambo la kawaida katika maisha ya klabu yoyote.

Mauzo ya 2007 na mwisho wa 2008

Badiliko lililoamua hatima ya Comets halikutokea uwanjani. Mwishoni mwa mwaka 2002 NBA iliacha umiliki wa pamoja: kila timu ikapaswa kuwa na mmiliki wake, awe wa klabu ya wanaume au mtu mwingine. Timu za Miami na Portland hazikupata mwenyewe na zilifungwa mwaka huohuo; Cleveland ilifuata mwaka 2003. Houston ilibaki chini ya Alexander hadi alipoamua kuiuza. Mwezi Januari 2007 ilichukuliwa na Hilton Koch, mfanyabiashara wa samani wa jijini humo. Chancellor aliondoka mwezi huohuo.

Ni vema kutazama kwa makini kilichouzwa. Timu ya wanawake iliyo chini ya klabu kubwa huwa haina haja ya kuwa na daktari wake peke yake, ofisi yake ya tiketi, wauzaji wake wa matangazo wala ukumbi wake wa mazoezi; gharama hizo hubebwa na nyumba nzima, na sehemu yake haionekani. Ikitolewa katika nyumba hiyo, kila kitu kilichokuwa cha kuazima hugeuka kuwa ankara. Koch alinunua jina, mikataba na mataji manne ukutani, lakini hakununua nyumba. Mwaka 2008 timu ilihama kutoka Toyota Center kwenda Reliant Arena, ukumbi mdogo zaidi. Mwaka huohuo Koch alitangaza kuiuza kwa dola milioni 10. Ligi ikaichukua kwa muda ikitafuta mnunuzi, nao mtikisiko wa fedha wa dunia ulikuwa umeshika kasi. Mnunuzi hakupatikana. Mwanzoni mwa Desemba 2008 Comets ilivunjwa, na tarehe 8 ya mwezi huo wachezaji wake waligawanywa kwa timu zilizobaki. Ukumbi wa The Summit, ambamo mataji yote manne yalichezewa, ulikuwa tayari umegeuzwa kuwa kanisa tangu mwaka 2005.

Bei ileile huko Seattle

Maelezo ya kwamba Comets iliuawa na mtikisiko wa uchumi yangetosha kama kusingekuwa na Seattle. Mapema mwaka huohuo wa 2008 timu ya Seattle Storm ilikuwa katika hatari kubwa zaidi. Ilikuwa mali ya wawekezaji wa Oklahoma City walioinunua pamoja na timu ya wanaume, SuperSonics, na ambao walikuwa wakijiandaa kuihamisha ile ya wanaume. Wanawake wanne wa Seattle, Lisa Brummel, Ginny Gilder, Anne Levinson na Dawn Trudeau, waliungana wakaunda kampuni na kuinunua Storm kwa dola milioni 10. SuperSonics ilihama, Storm ilibaki. Imetwaa ubingwa mwaka 2010, 2018 na 2020.

Bei ni ileile na mwaka ni uleule. Wakati wa mauzo Storm ilikuwa na taji moja, la mwaka 2004, na Comets ilikuwa na manne. Kama ubingwa ungekuwa ndio mtaji, mnunuzi angekwenda Houston.

Mfano mmoja waweza kudhaniwa kuwa bahati, hivyo yafaa kuutanua. Kuanzia 1997 hadi 2008 ligi ilitoa mataji 12. Comets ilichukua manne, Detroit Shock matatu, Sacramento Monarchs moja. Kati ya Desemba 2008 na Novemba 2009 Comets ilivunjwa, Shock ikahamishiwa Tulsa, na Monarchs ikavunjwa. Yaani ndani ya mwaka mmoja, timu zilizobeba mataji manane kati ya 12 ziliondoka katika miji yake. Na hapa pana jambo linalotia dosari maelezo mepesi ya upande wa pili: Shock na Monarchs hazikuwa zimetengwa na nyumba kubwa. Wamiliki wake ndio waliokuwa na timu za wanaume za Detroit na Sacramento. Kumbe kuwa chini ya klabu ya wanaume nako si kinga. Nyumba inapobana matumizi, mtoto wa pili ndiye hutolewa kwanza. Waliobaki na Storm walikuwa watu ambao hawakuwa na timu nyingine ya kuikimbilia.

Ufuko wa ziwa

Je, haya yana maana gani kwa Mwanza, ambako ligi ya kulipwa ya kikapu ya wanawake haipo? Maana yake inaanzia sakafuni. Netiboli huchezwa kwa kupasiana bila kudundisha, hivyo yawezekana juu ya udongo uliofagiliwa wa shule yoyote ya Magu au Sengerema. Mpira wa kikapu lazima udunde, na ili udunde sawasawa wahitaji sakafu ngumu, ubao na nguzo imara. Kwa hiyo umekuwa mchezo wa mjini na wa shule chache zenye uwanja wa saruji. Hata hivyo msingi upo. Kikapu cha wasichana kimo katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, ambayo fainali zake za kitaifa zilifanyika Mwanza, katika Chuo cha Ualimu Butimba, mwaka 2017 na 2018. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kinachofunda walimu na makocha wa michezo, kiko Kwimba, ndani ya mkoa huohuo. Ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Mara imetoa timu ya wanawake ya Fox Divas iliyoshiriki ligi ya taifa ya kikapu.

Pengo liko baada ya shule. Msichana anayemaliza kidato cha nne au cha sita akiwa mchezaji mzuri hukuta njia yake inaelekea Dar es Salaam, na mara nyingi inaelekea kwa mwajiri: timu kama JKT Stars ziko chini ya vyombo vya dola. Nchini Kenya, timu ya wanawake ya Mamlaka ya Bandari huko Mombasa imejengwa katika mkondo huohuo, na Rwanda ina APR ya jeshi na REG ya shirika la umeme. Mfumo huu una faida ambayo Comets haikuwa nayo: mchezaji anayevunjika goti habaki bila riziki, na timu haitegemei mauzo ya tiketi. Udhaifu wake umeonyeshwa na Pamba. Timu ya taasisi huishi kadiri taasisi inavyoishi na kadiri bajeti ya taasisi inavyoiona timu kuwa na faida. Zaidi ya hayo, taasisi za aina hii zina makao makuu yake, na makao hayo hayako Mwanza.

Kanda ya ziwa yenyewe ina mifano miwili ya soka inayostahili kuwekwa kando ya Houston na Seattle. Wa kwanza ni Biashara United ya Musoma. Mwaka 2021, katika Kombe la Shirikisho la Afrika, iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2–0 nyumbani, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano na ikaondolewa mashindanoni. Hapa pia ushindi ulipatikana uwanjani na kupotea nje yake. Wa pili ni Alliance ya Mwanza, inayolelewa na shule za Alliance zilizoko Mahina. Timu yake ya wanaume ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2020. Alliance Girls imeendelea kuwamo katika Ligi Kuu ya Wanawake. Kwa mpangilio wa kawaida, nyumba iliyopoteza nafasi ya timu ya wanaume ingetarajiwa kuanza kupunguza kwa wasichana, kama ilivyokuwa Sacramento. Tofauti iliyopo ni kwamba shule ina sababu ya kuwatunza wasichana hao isiyotegemea matokeo ya Jumamosi: bweni, darasa na ada vipo hata timu ikifungwa.

Kwa mtazamo huu, mjadala wa kuanzisha timu ya kikapu ya wanawake Mwanza haupaswi kuanza na swali la wachezaji watatoka wapi. Watatoka walikotoka siku zote, Butimba ikiwa imewaona. Unapaswa kuanza na swali la nani atakuwa mwenyewe, na kwa sababu gani ataendelea kuwa mwenyewe katika mwaka wa tatu bila taji. Halmashauri imekwisha kuonyesha kwa Pamba Jiji kwamba yaweza kubeba timu, ila kwa Halmashauri timu ya kikapu ya wanawake ingekuwa mtoto wa pili, na historia ya Monarchs yajulikana. Shule au chuo kingeweza kutoa bweni na sakafu, kama Alliance inavyotoa bweni na uwanja, lakini mchezaji akihitimu hurudi palepale penye pengo. Kundi la wanawake wenye mitaji, kama lile la Seattle, si wazo geni katika jiji ambalo wanawake wake huendesha biashara ya dagaa, vitenge na usafirishaji, na wamezoea kukusanya fedha kwa upatu na vikoba. Kigeni ni kuiona timu kuwa kitu cha kununuliwa kwa fedha hizo.

Ankara ya kwanza ambayo mwenyewe huyo angekutana nayo inajulikana tayari. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, ziliko timu nyingi za wanawake ambazo angepaswa kucheza nazo, ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na msafara wa timu ni wachezaji 12, kocha, msaidizi, mtunza vifaa na tabibu. Safari hiyo hulipiwa kabla mpira haujarushwa juu, na hulipiwa sawasawa na timu itakayoshinda na itakayofungwa.